Meneja Mgeni wa Kriketi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayeingia kwenye gemu za kuongoza timu ya kriketi akitokea kwenye gemu za soka, au hata asiyejua kriketi yenyewe. Mifano mingi ni ya Cricket Captain, gemu iliyoanza mwaka 1998 ikiitwa International Cricket Captain na ambayo mpaka leo hutolewa kwa matoleo ya kila mwaka. Ukicheza nyingine, mengi ya humu yatakufaa vilevile, maana kanuni ni za kriketi na si za kampuni.

Hii ni gemu ya namna gani? Napiga mpira mwenyewe?

Hapana. Gongo huligusi, mpira huushiki. Wewe ni kocha, mteuzi na nahodha kwa wakati mmoja. Unachagua wachezaji 11, unapanga nani atangulie kupiga, nani arushe ova ipi, wadakaji wasimame wapi, na kila mpigaji acheze kwa ukali gani. Ukishapanga unaruhusu mpira urushwe, kompyuta inapiga hesabu zake, na wewe unaangalia ubao wa matokeo umeamua nini juu ya maisha yako.

Aliyezoea kusisimka kwa vidole atachoka mapema. Anayependa kukodolea macho jedwali la takwimu hadi usiku wa manane, karibu sana.

Sijui kriketi kabisa. Nahitaji kujua nini kabla ya kuanza?

Machache tu, mengine yatakuja njiani.

Timu mbili, wachezaji 11 kila upande. Upande mmoja unapiga, mwingine unarusha na kudaka. Wapigaji wawili huwa uwanjani kwa pamoja, mmoja kila mwisho wa pichi, yaani ukanda wa katikati ya uwanja, na nyuma ya kila mmoja pana vijiti vitatu, yaani wiketi. Wakibadilishana nafasi kwa mbio baada ya mpira kupigwa, timu imepata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja ukiwa umegusa chini ni mikimbio 4, ukivuka hewani ni 6. Ova moja ni mipira 6 kutoka kwa mrushaji mmoja, kisha anapokea mwingine upande wa pili.

Mpigaji hutoka mpira ukiangusha vijiti vyake, ukidakwa kabla ya kugusa chini, ukimgonga mguu mahali ambapo ungekwenda kwenye vijiti, au akishikwa hajafika wakati wa kukimbia. Kila anayetoka huhesabiwa kuwa wiketi moja imepotea. Wakitoka 10, zamu ya timu imekwisha, hata kama ova zimebaki. Ubao ukisoma 143 kwa 6, maana yake mikimbio 143 imepatikana na wapigaji 6 wametoka.

Sasa la muhimu kuliko hayo yote. Katika soka una dakika 90 na muda unakwenda wenyewe. Katika kriketi una akiba mbili: mipira uliyobakiwa nayo na wiketi ulizobakiwa nazo. Zote mbili zinapungua, lakini si kwa kasi moja, na uamuzi wako karibu wote ni wa kubadilisha moja kwa nyingine. Fikiria duka: wiketi ni mtaji, mikimbio ni mauzo. Mgeni huangalia mauzo tu, anafurahi asubuhi, na kufikia saa sita mchana rafu ni tupu. Ukilishika hili moja, utakuwa umewapita wageni wengi kabla hujafungua hata mipangilio.

Nichukue gemu ipi, na nichezee wapi?

Kuna makundi mawili. La kwanza ni gemu unayoinunua na kucheza dhidi ya kompyuta, kama Cricket Captain, inayopatikana kwa kompyuta na kwa simu za Android na iPhone. Unacheza kwa mwendo wako, ukiwa na msimu mzima mkononi. La pili ni gemu za kwenye kivinjari, ambako timu yako iko kwenye ligi na timu za watu wengine, mechi zinachezwa kwa ratiba na wewe unaacha maagizo mapema. Humo hakuna kumwita mrushaji katikati ya ova. Ulichoandika jana ndicho kitakachochezwa.

Kwa mgeni, ushauri wangu ni kundi la kwanza. Unaona tokeo la kila uamuzi papo hapo, na huko ndiko kujifunza. Kwenye gemu za ligi unaweza kukosea jambo moja wiki nane mfululizo na usijue.

Toleo la simu linatosha kabisa. Halina picha nzito, na ukishapakua halikuli bando kama gemu za kupigana mtandaoni. Toleo la mwaka uliopita mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu, na kwa mtu anayejifunza tofauti ni ndogo: majina na takwimu za wachezaji zitakuwa za zamani kidogo, basi.

Nianze na T20, ova 50, au mechi za siku nyingi?

Watu wengi husema T20 kwa kuwa ni fupi. Mimi nasema anza na ova 50.

T20 ina ova 20 tu kwa kila upande. Mpigaji mmoja akiwa na dakika kumi nzuri, mechi imekwisha, na wewe hujui kama ulishinda kwa akili au kwa bahati. Mechi za siku nne au tano ni kinyume chake: uamuzi wa asubuhi ya siku ya kwanza unaweza kuonekana maana yake siku ya nne alasiri. Ova 50 ziko katikati. Kuna nafasi ya kujenga, kuna nafasi ya kukosea na kurekebisha, na kuna haraka ya mwishoni inayokufundisha mambo ya T20 bila kukuua.

Cheza hizo kwa msimu mmoja, kisha nenda mechi ndefu. T20 iache ya mwisho, utaiona rahisi.

Nichague timu gani?

Usichague timu bora. Ukiongoza India au Australia unashinda mechi ambazo ungezishinda hata ukilala, na hujifunzi kitu. Usichague dhaifu kabisa pia, kwa sababu utafungwa hata ukifanya kila kitu sawa.

Kama unacheza ligi ya Uingereza, kuna kaunti 18 zilizogawanywa katika madaraja mawili. Chukua kaunti ya daraja la pili yenye warushaji wazuri na wapigaji wa kawaida. Warushaji wazuri wanakupa nafasi ya kurudi mchezoni hata zamu yako ya kupiga ikienda mrama, na hapo ndipo utakapofundishika. Timu yenye wapigaji wakali na warushaji butu inakufundisha kuomba Mungu tu.

Nachaguaje wachezaji 11?

Anzia kwa warushaji, si kwa wapigaji. Katika ova 50 mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova 10, na katika T20 haruhusiwi kuzidi 4. Piga hesabu: kwa vyovyote unahitaji warushaji wasiopungua 5, na wa sita wa akiba, kwa siku ambayo mmoja wao atapigwa kila kona ya uwanja.

Halafu mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya vijiti vya mpigaji kudaka mipira. Mmoja, na awe mlinda wiketi kweli. Kuna kishawishi cha kumweka mpigaji mzuri anayejua kudaka kidogo. Utaokota mikimbio 15 kwenye kupiga na kuiacha 30 kwenye mikono yake.

Nafasi zilizobaki ni za wapigaji. Wawili wa kufungua wawe watulivu, maana mpira mpya ni mgumu na unayumba. Wa tatu awe ndiye bora wako. Wa sita na wa saba wawe wale wanaopiga kwa nguvu na, ikiwezekana, wanaojua pia kurusha. Mchezaji wa aina hiyo, anayepiga na kurusha, ana thamani kuliko namba zake zinavyoonyesha, kwa sababu anakufungulia nafasi ya mtu mwingine.

Takwimu ni nyingi mno. Nisome zipi?

Nne zinatosha kuanzia.

Kwa mpigaji, tazama wastani, yaani mikimbio yake yote kugawanywa kwa mara alizotolewa, na kasi, yaani mikimbio anayopata katika kila mipira 100. Kwa mrushaji, tazama wastani wake, yaani mikimbio aliyoruhusu kwa kila wiketi aliyochukua, na kiasi anachoruhusu kwa kila ova.

Namba hizi hazina maana mpaka uzipeleke kwenye aina ya mechi. Mpigaji mwenye wastani wa 45 na kasi ya 80 ni dhahabu kwenye ova 50 na ni mzigo kwenye T20. Mwenzake mwenye wastani wa 24 na kasi ya 155 ukimweka namba sita kwenye T20 atakushindia mechi. Mpeleke kwenye mechi ya siku nne na hatafika chakula cha mchana.

Kipimo cha juu kabisa kinajulikana: Don Bradman wa Australia alimaliza mechi zake 52 za Testi, yaani mechi za kimataifa za siku nyingi, akiwa na wastani wa 99.94. Katika mechi ndefu, wastani wa 50 tayari ni wa mchezaji mkubwa, 40 ni mzuri, na chini ya 30 unamtafutia mtu mwingine, isipokuwa anarusha.

Jihadhari na wastani wa mechi chache. Kijana aliyepiga mara tatu, akapata jumla ya mikimbio 60 na kutolewa mara moja tu, ataonekana ana wastani wa 60. Si Bradman huyo. Ni mtu aliyepiga namba nane na kukuta mechi imekwisha. Kabla ya kuamini wastani wowote, angalia kando yake idadi ya mechi.

Kabla ya mechi naonyeshwa hali ya pichi na ya hewa. Nifanye nini nazo?

Zisome kabla ya kuchagua timu, sio baada.

Pichi yenye majani ya kijani na mawingu mazito huwapendelea warushaji wa kasi, kwa sababu mpira unayumba hewani na kuruka ovyo ukigusa chini. Pichi kavu, yenye nyufa, huwapendelea warushaji wa spini, wale wanaouzungusha mpira ili ugeuke ukigusa chini, na katika mechi ndefu inazidi kuharibika siku baada ya siku. Ndiyo maana ukishinda sarafu ya kuamua nani aanze kupiga kwenye pichi kavu ya siku tano kawaida unapiga kwanza: hutaki kuwa wewe unayepiga siku ya tano mpira ukigeuka kama umeguswa na jini. Kwenye pichi ya kijani chini ya mawingu, kuwaachia wapinzani wapige kwanza ni uamuzi wa heshima.

Kosa la kawaida ni kuwa na timu moja ya kudumu ya wachezaji 11. Hakuna timu kama hiyo kwenye kriketi. Mrushaji wako wa pili wa spini hana kazi kwenye uwanja wa kijani mwezi wa nne, na kumwacha nje si kumkosea heshima.

Ukali wa mpigaji niuweke wapi?

Hapa ndipo mechi nyingi za wageni zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila mpigaji ana kipimo cha ukali unachoweza kupandisha na kushusha, na pia ana alama inayoonyesha kama ameshazoea pichi. Aliyeingia sasa hivi hajazoea. Akicheza kwa ukali katika hali hiyo hatari ya kutoka ni kubwa. Akiachiwa mipira ishirini hivi ya kutulia, ukali uleule unamletea mikimbio kwa hatari ndogo zaidi.

Chukua T20. Unafukuza 161, yaani hiyo ndiyo mikimbio unayohitaji ili ushinde. Baada ya ova 8 una 60 kwa 2. Unahitaji 101 kwa mipira 72, zaidi kidogo ya 8 kwa ova. Uwanjani kuna mmoja aliyetulia na 28 kwa mipira 22, na mwingine aliyeingia sasa hivi, bado ana sifuri.

Mgeni anaona ile 8 kwa ova, moyo unamwenda mbio, anawapandisha wote wawili hadi juu kabisa. Ova mbili zinazofuata zinaleta mikimbio 17 na wiketi 2. Ubao sasa ni 77 kwa 4, zimebaki 84 kwa mipira 60. Gawanya: 8.4 kwa ova. Ni ileile aliyokuwa nayo mwanzo! Ametoa wiketi mbili na hajanunua chochote.

Sasa ichezeshe namna nyingine. Mgeni wa pichi unamshusha chini kwa ova mbili, aliyetulia unamweka katikati. Mnapata 12 tu, lakini hakuna aliyetoka. Ubao ni 72 kwa 2, zimebaki 89 kwa mipira 60, yaani 8.9 kwa ova. Kiasi kimepanda nusu mkimbio, lakini una wapigaji wawili waliotulia na wengine saba nyuma yao wakiwa na magongo mkononi. Ikifika ova ya 14 unaanza kuwapandisha, kwanza aliyetulia zaidi. Akitoka, hasara ni ndogo, kwa sababu anayeingia anakuja kupiga na si kujenga.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kugusa kile kipimo ni: kama nikipoteza wiketi ova hii, nitakuwa na nani? Ukiwa na jibu zuri, panda. Ukiwa na warushaji watupu wamebaki, tulia hata kama kiasi kinachohitajika kinatisha.

Na usibadilishe kwa kila mpira. Mpe uamuzi wako ova moja au mbili uone umezaa nini.

Wadakaji niwapange vipi?

Gemu zina mipango iliyo tayari: ya kushambulia, ya kawaida, na ya kujilinda. Itumie hiyo kwanza. Kupanga mdakaji mmoja mmoja ni starehe ya baadaye.

Mpira ukiwa mpya, au mpigaji akiwa hajatulia, shambulia: weka watu karibu na mlinda wiketi wakisubiri mpira uguse pembeni mwa gongo. Mpigaji akishatulia, watawanye. Kwenye mechi fupi sheria yenyewe inakufunga mikono: katika T20, ova 6 za kwanza unaruhusiwa wadakaji 2 tu nje ya duara la ndani, baadaye 5. Katika ova 50 ni 2 kwa ova 10 za kwanza, 4 mpaka ova ya 40, kisha 5.

Ukali wa mrushaji na mpango wa wadakaji viende pamoja. Kumwambia mrushaji ashambulie huku wadakaji wote wako mpakani ni kujipinga mwenyewe.

Mrushaji wangu bora anapigwa mwishoni mwa mechi. Kwa nini?

Kwa sababu kuu mbili: amechoka, au umemmaliza mapema.

Kila mrushaji ana nguvu zinazopungua. Wa kasi hupungua haraka. Mpe ova tano au sita za upande mmoja katika mechi ndefu, mpumzishe, mrudishe. Wa spini anaweza kuendelea upande mmoja kwa muda mrefu huku wengine wakipokezana upande wa pili.

Kwenye T20 mrushaji wako bora ana ova 4 tu. Mbili mwanzoni, mpira ukiwa mpya, na mbili za kuanzia ova ya 17. Katikati wape wale wa spini wanaobana. Wageni huwadharau hawa kwa sababu hawachukui wiketi nyingi. Kwenye Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024, Frank Nsubuga wa Uganda, mrushaji wa spini mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova zake zote 4 dhidi ya Papua New Guinea akaruhusu mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Wapinzani waliishia 77. Uganda walishinda kwa wiketi 3, ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye Kombe la Dunia. Mipira 24 ambayo haikuzaa kitu ni mipira 24 iliyokufa kwenye akiba ya mpinzani, na mwisho wake atalazimika kujirusharusha kwa mrushaji mwingine.

Mvua imenyesha na shabaha imebadilika. Gemu imekosea?

Haijakosea. Hiyo ni hesabu ya Duckworth, Lewis na Stern, inayotumika pia kwenye mechi za kweli.

Zamani mvua iliharibu mechi vibaya. Nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 1992 mjini Sydney, Afrika Kusini walihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 dhidi ya Uingereza. Ilinyesha kidogo tu. Waliporudi uwanjani walihitaji 21 kwa mpira mmoja. Watakwimu wawili Waingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, wakatunga njia iliyotumika kwa mara ya kwanza Harare tarehe 1 Januari 1997, Zimbabwe ikicheza na Uingereza. Steven Stern aliiboresha baadaye.

Njia hiyo inahesabu zile akiba mbili tulizoanza nazo, ova na wiketi, na kuuliza mvua imekunyang'anya kiasi gani cha jumla yake. Maana yake kwako ni hii: mawingu yakitanda wakati unafukuza shabaha, wiketi zina bei zaidi ya kawaida. Timu yenye 80 kwa 1 inaweza kuwa mbele ya hesabu, na timu yenye 95 kwa 5 ikawa nyuma, ova zilezile.

Kwenye mechi ndefu naambiwa naweza kufunga zamu yangu mwenyewe. Nani anafanya hivyo?

Anayetaka kushinda. Katika mechi ya siku nyingi, ukiwa na mikimbio mingi lakini muda ukakuishia kabla ya kuwatoa wapinzani 10, ni sare. Kwa hiyo unafunga zamu ukiwa na wapigaji bado, ili upate muda wa kuwatoa.

Tuseme ni Testi, siku ya nne inaelekea jioni, unaongoza kwa 350. Siku ya Testi ina ova 90. Ukifunga zikiwa zimebaki ova 8 za jioni, una jumla ya ova 98. Mpira mpya unaruhusiwa baada ya ova 80, kwa hiyo utaupata tena ukiwa na ova 18 za mwisho, wapinzani wamechoka na pichi imechakaa. Ukiendelea kupiga kwa ajili ya mikimbio 50 zaidi, unaweza kuwa salama zaidi, lakini mpira wa pili unaukosa. Wengi huogopa kufungwa, wanachelewa, wanaambulia sare na kulaumu gemu.

Mazoezi, mikataba na vijana?

Usiyape uzito mkubwa msimu wa kwanza. Elekeza mazoezi kwa vijana walio chini ya miaka 24 hivi, kwani ndio wanaopanda; kumfundisha mkongwe wa miaka 35 ni kumwagilia maua ya plastiki. Msimu ukiisha, tazama mishahara: mara nyingi kuna mzee mmoja mwenye jina kubwa anayekula pesa za wachezaji watatu. Mwachie aende. Nafasi ya mchezaji wa kigeni itumie kwa mrushaji.

Nimefungwa na timu dhaifu kabisa. Gemu inaniibia?

Kriketi yenyewe ndivyo ilivyo. Tarehe 29 Februari 1996 mjini Pune, Kenya walitolewa wote kwa 166 dhidi ya West Indies, timu iliyokuwa na Brian Lara. West Indies wakatolewa kwa 93. Mwaka huohuo, mwezi wa kumi, Nairobi Gymkhana, Pakistan walimpandisha namba tatu kijana aliyeitwa kikosini kwa ajili ya kurusha spini. Alikuwa Shahid Afridi. Alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka. Gemu nzuri lazima iruhusu siku za namna hiyo, la sivyo si kriketi.

Ukitaka kujua kama ni bahati au ni wewe, usiangalie mechi moja. Tazama msimu. Kama unapoteza wiketi 3 ndani ya ova 6 za kwanza karibu kila mechi, hiyo si bahati mbaya, ni ukali uliouweka. Kama wapinzani wanafunga mikimbio mingi kila mara kwenye ova 5 za mwisho, umemaliza warushaji wako mapema.

Kuhifadhi mechi na kuirudia nikifungwa ni udanganyifu?

Gemu ni yako, hakuna polisi. Ila kurudia mpaka ushinde kunafuta taarifa uliyokuwa unaitafuta. Rudia kwa jambo moja tu: unapotaka kujaribu. Hifadhi kabla ya kufukuza shabaha, cheza kwa ukali, kisha rudi ucheze kwa utulivu, ulinganishe kadi mbili za matokeo. Hilo ni darasa zuri kuliko ukurasa huu.

Naweza kuongoza Kenya, Uganda au Tanzania?

Soma orodha ya timu za toleo lako kabla ya kulipa. Msingi wa gemu hizi ni mataifa 12 yenye hadhi ya Testi, na Afrika Mashariki haimo. Inauma, ukikumbuka kwamba Kenya walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, na kwamba Kombe la kwanza la 1975 lilikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia.

Msimu wa pili nibadilishe nini?

Panda mechi za siku nne, na acha kuruka ova. Wageni wengi huzoea kuendesha ova tano tano wakati wapinzani wanapopiga, kwa sababu kuangalia mwingine akipiga kunachosha. Ziendeshe moja moja angalau katika vipindi vitatu: mpira ukiwa mpya, mara tu baada ya wiketi kuanguka, na ova tatu kabla ya mapumziko ya chakula. Kisha fungua kadi ya mechi uliyofungwa vibaya zaidi msimu uliopita, tazama nani alirusha kila ova, na uanzie hapo kupanga timu yako mpya.